Sauti Kwenye Bangili ya Mwingine

1

“Kidonge ulimeza kila siku?” niliandika.

Mashine ikalisoma swali langu kwa sauti yake ya kati, ile isiyo ya kiume wala ya kike. Kivuli cha mchimbaji kikajibu.

“Nilimeza. Jana mmeniuliza, leo mnaniuliza. Nyie hamna kazi nyingine?”

Nikacheka peke yangu. Mimi wabishi nawapenda. Mshiriki anayesema ndiyo kwa kila kitu ndiye anayenitia wasiwasi, maana huyo anataka kukufurahisha, na ushahidi haujengwi kwa kufurahishana. Nikaandika kwamba alimeza kila siku, nikakizima, nikanywa chai yangu iliyokwisha kupoa.

Nyumba ya Mapitio iko Njombe, huko juu ambako ukungu wa Juni unakufuata mpaka ndani ya soksi. Wizara ikitaka kujua kama dawa fulani inafaa, sisi tunatafuta kila utafiti uliowahi kufanywa juu ya dawa hiyo, popote pale duniani. Tunausoma, tunautikisa kuona kama una matundu, halafu zile zilizopona tunazijumlisha na kutoa jibu moja. Jibu hilo linafuatwa na kila zahanati nchini. Wasomaji ni wawili kwa kila utafiti. Mimi, Leokadia Mligo, nilikaa chumba cha kushoto. Obadia Sichalwe, Mnyiha wa Mbozi, mpole mpaka anakera, alikaa chumba cha kulia akisoma utafiti uleule na kuhoji vivuli vilevile. Mpaka kila mmoja awe ametia hukumu yake kwenye kasha, tulikatazwa kuzungumza habari za kazi hata kwa kukonyezana. Tukikutana ukumbini tuliongea habari za viazi na baridi.

Mwezi ule tulikuwa na Tefani, dawa ya homa ya vumbi. Homa hiyo ilianzia machimboni, ikashuka mijini, na wakati huo ilikuwa imeshaanza kuingia mashuleni. Tafiti ndogo tulizozipitia zote zilisema Tefani haina tofauti na kidonge tupu kisicho na dawa. Mmoja tu, tena mkubwa kuliko zote hizo kwa pamoja, ule wa machimbo ya Igambila, ulisema inaokoa. Na kitu kimoja hakuna aliyekibishia: Tefani inachosha figo. Kwa kila watu mia, watatu au wanne wanaishia kwenye mashine ya kusafisha damu maisha yao yote. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Igambila ikiingia kwenye jumla, Tefani inagawiwa nchi nzima kabla ya mvua. Ikitolewa, Tefani inabaki kabatini.

Vivuli navyo nivieleze, maana kuna watu wanavidhania mizimu. Kila mshiriki wa jaribio alivaa bangili iliyokusanya mapigo yake ya moyo, kikohozi chake, usingizi wake na kila neno alilosema. Alipokufa, au jaribio lilipokwisha, kutokana na bangili ile kikatengenezwa kivuli kinachojibu kama mwenyewe angejibu, kwa sauti yake mwenyewe. Si mtu. Hilo nimewafundisha vijana wengi kwa mdomo wangu huu. Kivuli hakikui na hakikumbuki. Kila ukikiamsha, kwake ni siku ileile ya mwisho aliyovaa bangili. Na washiriki walikubali kwa sharti moja: vivuli vyao vitunzwe kwa kazi ya ushahidi tu. Utafiti ukitolewa kwenye jumla, vivuli vyake vyote vinazimwa moja kwa moja.

Aliyefuata alikuwa namba mia mbili na kumi na mbili. Mwanamume, umri miaka ishirini na mitatu, kundi la kidonge tupu, amefariki. Nikamwamsha.

“Shikamoo daktari,” akasema. Kikohozi kifupi. “Au kama wewe ni mdogo, basi marahaba. Sioni uso, nisije nikakosa adabu bure.”

Kikombe kikaniponyoka.

Mzaha ule naujua. Niliusikia kila simu ilipolia nyumbani kwangu kwa miaka kumi na moja, na kikohozi kile kifupi kilikuja kila mara kabla ya mzaha, kama mtu anayebisha hodi. Alikuwa Vitalis Nyagawa, mume wangu, aliyekwenda Igambila kuchimba, binti yetu Sekela akiwa na miaka minne. Homa ilipoingia machimboni wakafunga barabara, na mimi nikapata habari baada ya mazishi, kwa ujumbe wa mistari miwili. Sikumuuguza, sikumzika, sikusikia hata neno lake moja la mwisho. Watu wakaniambia nishukuru. Nilishukuru kwa mdomo.

Wala sikujua kwamba alikuwa kwenye jaribio. Hawakuandika majina, waliandika namba tu.

Nikatazama tena kioo cha mashine. Miaka ishirini na mitatu. Mungu wangu, Vitalis alikufa na miaka arobaini na tisa.

2

Chini ya meza ya msomaji kuna swichi ya kuondoa ile sauti ya kati ili uongee kwa mdomo wako. Imewekwa kwa ajili ya dharura, kivuli kikipatwa na hofu kikahitaji kutulizwa, na maongezi hayo hayarekodiwi. Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa sijaigusa. Niliigusa.

“Baba Sekela,” nikasema.

“Mama Sekela?” Sauti yake ikapanda. “Wee! Umepitaje kizuizini? Barabara si wameifunga?”

“Kwani wewe hunijui? Nani wa kunizuia mimi?”

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo nilipaswa kuzima, kuandika kwamba nina ndugu ndani ya utafiti, na kujitoa. Sheria hiyo hata mfagizi wetu anaijua. Lakini naomba mtu aliyewahi kumkosa mwenziwe anieleze jinsi mkono unavyoinuka kwenda kuzima sauti ile. Mimi wangu haukuinuka.

Akaniuliza kama paa la jiko bado linavuja. Akaniuliza kama Sekela ameacha kunyonya kidole. Nikamjibu yote, machozi yananitiririka mpaka kwenye kola, na yeye kwa kuwa hanioni akaendelea kunitania kwamba nimeanza kuongea kwa puani kama wanawake wa mjini. Kisha kazi ikanirudia kichwani, maana kazi ni mazoea.

“Baba Sekela, kwa nini umevaa bangili ya kijana wa miaka ishirini na mitatu?”

“Nani amekwambia?”

“Nimeona mwenyewe.”

“Hilo ni la bweni, mama. Tuliapa.”

“Wewe uliapa na mimi kwanza, tena kanisani.”

“Haya, haya.” Akashusha pumzi. “Bangili huwa zinasomwa na mashine ya dirishani, inatoa kidonge. Mashine haitazami uso. Sasa, vidonge vingine vichungu kama mwarobaini, vingine ladha ya chaki. Hata wiki haikuisha, bweni zima tulishajua nani anapewa dawa na nani anadanganywa. Mimi nilikuwa na kile kichungu. Kitanda cha pili yupo kijana anaitwa Ambokile, mke wake mjamzito huko Rungwe, yeye anatafuna chaki. Mama Sekela, mimi ningelalaje? Yule ni mtoto. Mimi nimeshakula chumvi. Tukabadilishana bangili nyuma ya bafu.”

“Wewe peke yako?”

“Peke yangu kwa uwendawazimu gani? Watu wazima wote wa bweni letu walipisha. Na bweni la pili. Ingekuwa hospitali hapo kwenu usingempisha mwenye mtoto mgongoni apite mbele ya foleni?”

Ningempisha. Kila mtu ninayemjua angempisha.

Nikaona picha yote. Watu wazima wa Igambila walikufa kwa namba za vijana, na vijana wakapona kwa namba za watu wazima. Kwenye majedwali umri wa makundi yale mawili ulilingana vizuri kabisa, kama kura ilivyogawa, kwa hiyo msomaji yeyote angeridhika. Lakini waliomeza Tefani kwa kweli walikuwa vijana wenye mapafu mapya, waliotafuna chaki walikuwa baba zao. Labda hao vijana wangepona hata kwa maji matupu. Utafiti mkubwa kuliko yote ulikuwa haujui chochote.

Na hakuna njia ya kuligundua jambo hilo kwenye karatasi. Sauti za wachimbaji wote zimekwaruzwa na vumbi. Huwezi kusikia nani mzee, nani kijana. Ilitakiwa mke.

Ndipo hasira ikanipanda, hasira ya miaka tisa. “Na mimi je? Ambokile ana mke, mimi nilikuwa nani? Sekela alikuwa mtoto wa nani? Ulishindwa hata kutufikiria?”

“Nilijua utanigombeza,” akasema polepole. “Ndiyo maana sikukutumia ujumbe.”

3

Nilimwamsha tena kesho yake, na keshokutwa. Kila mara alianza na shikamoo, kila mara akashangaa nimepitaje kizuizini. Nilizoea kumjibu. Siku nyingine nilimgombeza, siku nyingine nilimwacha aongee tu, habari za chakula kibaya cha machimbo, habari za msimamizi wao mwenye kiburi. Baada ya muda alikuwa anachoka, kwa kuwa siku ile ya mwisho alichoka, na mimi nikawa namzima pumzi zake zikishakuwa fupi. Kazi yangu nyingine ikalala. Obadia akaniambia ukumbini, “Dada Leokadia, siku hizi unang’aa. Umepata mchumba?”

“Ndiyo,” nikasema, “mwenye miaka ishirini na mitatu.”

“Ebo!” Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Mnataka niseme nilikuwa napima mambo kwa uzito wa taaluma? Sikupima kitu. Nilikuwa nampenda. Utafiti wa Igambila ukiingia, vivuli vyake vinatunzwa miaka yote ambayo Tefani itatumika. Ningekuwa naye mpaka nistaafu. Sekela akimaliza shule ningemleta kama mwanafunzi wa mafunzo, ningemkalisha kwenye kiti changu na kumwambia, sikiliza. Ilitosha niandike neno moja kwenye hukumu yangu, “uingie”, neno ambalo Obadia kwa haki kabisa angeliandika pia. Hakuna ambaye angejua. Hata Vitalis mwenyewe asingekumbuka kwamba aliniambia.

Na lilikuwepo jingine, la aibu kidogo. Ikisemwa kwamba Tefani inaokoa, basi mume wangu alitoa uhai wake akampa Ambokile, na kifo chake kina maana. Ikisemwa hatujui, basi labda alibadilishana chaki na chaki chungu, na angekufa vilevile. Ni mjane gani anataka kuishi na “labda”?

Jumamosi Sekela akaja kutoka shule ya bweni. Ana miaka kumi na mitatu, ana pua ya baba yake na uvivu wangu wa kuosha vyombo. Tulikaa jikoni tunamenya viazi, yeye akimenya nusu na kula nusu mbichi.

“Mama, baba alikuwa anaongeaje?”

Kisu kikanisimama mkononi. “Kwa nini unauliza?”

“Mwalimu alitwambia tuandike habari za mzazi. Mimi nakumbuka koti lake tu.”

Nilikuwa na jibu la swali lile kwenye chumba cha kushoto, mwendo mfupi kutoka pale tulipokaa, na sikuweza kumpa. Nikamwambia alikuwa mtu wa mzaha. Akatikisa kichwa, akaona ni jibu dogo, akaendelea.

“Halafu shuleni wametutangazia, nyie mkisema ndiyo, dawa ya homa ya vumbi itaanza na shule za bweni. Wenzangu wanaogopa, wamesikia inaharibu figo. Nikawaambia wasiogope, anayeisoma ni mama yangu.”

“Ukawaambia hivyo?”

“Ndiyo. Kwani uongo?”

Nikaondoka pale nikaenda kusimama uani kwenye baridi. Nilijikaza kisabuni nisilie mbele ya mtoto, sikufanikiwa, na jirani aliyekuwa akianika nguo akajifanya hanioni. Mabinti wa bweni zima watameza Tefani bila wasiwasi kwa sababu Sekela amewaambia mama yake amesoma. Na mama yake kwa kweli alikuwa amesoma.

4

Kasha lilifunguliwa Jumatatu na msuluhishi wetu, Dakta Zamaradi Mfaume, mwanamke wa Kilwa mwenye sauti laini ambaye hajawahi kuniita dakta hata siku moja, ananiita mwanangu ingawa tumepishana miaka sita tu.

“Obadia anasema uingie,” akasoma. “Leokadia anasema utolewe. Haya. Sababu?” Akavaa miwani vizuri. “‘Washiriki walibadilishana bangili.’ Umejuaje, mwanangu?”

“Namba mia mbili na kumi na mbili si kijana. Ni mume wangu.”

Obadia akaweka kalamu chini. “Pole, dada,” akasema, na alikuwa anamaanisha, na hilo likaniuma kuliko kama angenikaripia.

Zamaradi hakusema pole. “Umejua tangu lini?”

“Tangu wiki iliyopita.”

“Na ukaendelea kukaa kwenye kiti.”

“Nikaendelea.”

“Basi sheria unaijua kuliko mimi. Mwenye ndugu ndani ya utafiti hana hukumu. Yako naifuta. Hayo mengine ya wiki nzima tutayazungumza baadaye, na hayatakuwa mazungumzo matamu.” Akafuta. “Inabaki ya Obadia. Igambila inaingia.”

“Dakta, hamwezi! Utafiti ni mbovu!”

“Kwa ushahidi wa nani? Wa mke wa marehemu, aliyeficha, aliyeongea naye bila kurekodi? Ingekuwa mtu mwingine ameniletea ushahidi wa namna hiyo, wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuutupa.”

Ilikuwa kweli tupu. “Basi muulizeni yeye mwenyewe.”

Obadia akamwamsha mbele yetu na kuandika swali. Sauti ya kati ikauliza kama bangili aliyovaa ni yake.

“Ni yangu, daktari,” Vitalis akajibu bila kusita. “Mwezi wa kumi natimiza ishirini na minne, Mungu akipenda.”

Mwongo mkubwa! Nilitaka kumpiga, nilitaka kumbusu. Obadia akauliza kwa njia nyingine, na nyingine tena. Vitalis akakana zote kwa adabu, akamtaja mpaka mke mjamzito wa Rungwe. Alikuwa ameapia bweni, na hakuna mashine ingemtoa kwenye kiapo hicho.

“Niacheni niongee naye,” nikasema.

Obadia akamtazama Zamaradi. Zamaradi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake.

“Sheria inakukataza kuhukumu,” akasema mwishowe. “Haikukatazi kumsalimia mumeo. Lakini Leokadia, sitaki hila. Mwambie yote. Kama atasema, aseme akijua anachokisema.”

Nikapiga moyo konde, nikabonyeza swichi. “Baba Sekela, ni mimi.”

“Wee! Umepitaje kizui—”

“Nisikilize. Hakuna kizuizi. Ile homa ilikuua. Ni miaka tisa sasa. Unaongea kwa sababu bangili ilikutunza.”

Obadia aliinamisha kichwa kama yuko msibani.

“Niliumwa sana?” Vitalis akauliza.

“Sijui. Hawakuniruhusu kuja.”

“Ambokile?”

“Yuko hai. Namba yako, aliyoivaa yeye, iko hai.”

“Ahaa.” Akapumua. “Na mtoto?”

“Ana miaka kumi na mitatu. Ana pua yako.”

“Masikini,” akasema, na kwa mshangao wa wote nikacheka.

Nikamweleza. Kwamba kwa ajili ya zile bangili dawa imeonekana inaokoa, na labda haiokoi. Kwamba inaua figo. Kwamba itaanza na mabweni ya shule, bweni la Sekela likiwemo. Kwamba hawa walio nami hawawezi kuniamini mimi, mpaka wayasikie kwake. Na kwamba akisema, utafiti unatolewa, na yeye na wenzake wote wanazimwa, hakuna kuamshwa tena.

“Tulifanya kwa wema,” akasema.

“Najua.”

“Hatukujua kama tunaharibu.”

“Najua, Baba Sekela. Hakuna anayewalaumu. Mimi nakulaumu kwa jingine, si kwa hilo.”

Akakohoa. “Wewe unataka nini?”

“Nataka ukae.” Sauti ilinikatika nikaacha ikatike, wasikie. “Nataka nije hapa kila siku uniulize paa la jiko. Nimechoka kuishi peke yangu, nimechoka kuongea na sufuria. Hicho ndicho ninachotaka.”

“Si hicho ninachokuuliza. Nauliza niseme, au nisiseme?”

Mbele yangu Obadia alikuwa ameshika kalamu hewani. Zamaradi alitazama dirishani, kwenye ukungu.

“Sema,” nikamwambia.

Akasafisha koo.

“Haya, madaktari, mpo? Andikeni. Bweni la kwanza, kitanda cha mlangoni, mzee Festo, alibadilishana na mpishi mdogo. Kitanda kinachofuata…” Akaenda hivyo kitanda baada ya kitanda, mpaka akafika kwake na Ambokile, na Obadia aliandika yote. Kwa mambo aliyoyataja, waliamsha vivuli vingine, wakaviambia kwamba Nyagawa amesema, na kimoja baada ya kingine vikaacha kukana. Mmoja alilia, mwingine akatutukana matusi ya nguoni.

Kabla ya chakula cha mchana Obadia alikuwa amebadili hukumu yake.

5

Kuzima kulikuwa kesho yake asubuhi. Kwa kawaida msomaji mmoja anakaa anazima namba zote kwa mfululizo, ni kazi ya kuchosha kama kuzima taa za jengo kubwa. Obadia alijitolea kuifanya. Aliruka mia mbili na kumi na mbili, akaja mlangoni kwangu, akaniwekea kikombe cha chai ya moto mezani, akaondoka bila neno. Barua ya kunisimamisha kazi ilikuwa tayari kwenye mkoba wangu. Zamaradi alikuwa ameiandika kwa lugha nzuri.

Nikafunga mlango, nikabonyeza swichi, nikamwamsha.

“Shikamoo daktari. Au kama wewe ni—”

“Ni mimi.”

“Mama Sekela! Umepitaje kizuizini?”

Hakukumbuka kitu. Ya jana yote, kufa kwake, ujasiri wake, kile kitanda baada ya kitanda, vilikuwa vimefutika, na mbele yangu alikuwepo Vitalis wa siku ya mwisho, amechoka kidogo, amefurahi, anangoja jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia tena. Nilikuwa nimepanga mpaka maneno. Nikajiuliza, mtu aambiwe kifo chake mara ngapi? Alikwisha kuulizwa, na alikwisha kujibu, mbele ya mashahidi.

“Nilipita tu,” nikasema. “Niambie umekula nini.”

Akaniambia. Akalalamikia maharage. Nikamuuliza kuhusu siku ile tulipokutana stendi ya Makambako mvua ikinyesha, akaisimulia vibaya kama alivyoisimulia siku zote, anajipa mwavuli ambao ulikuwa wangu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikumsahihisha. Nilimwacha nao. Akaimba kidogo, akakosea, akaanza upya. Nikasikiliza kila kitu kwa masikio, kwa ngozi, kwa tumbo, nikijaribu kukiweka mahali ambapo hakuna sheria inayofika, ili siku moja nimwimbie Sekela na nikosee palepale.

Chai ikapoa. Pumzi zake zikaanza kuwa fupi.

“Nimechoka, mama,” akasema. “Acha nilale kidogo. Kesho utakuja?”

“Nitakuja.”

“Na mtoto?”

“Nitakuja naye.”

“Mfunike vizuri, huku asubuhi kuna baridi.”

“Nitamfunika.”

Nikangoja mpaka niliposikia amelala kabisa, ndipo nikamzima.